Mapitio ya SWOT kwa mwekezaji wa hisa: visanduku vinne, na kimoja kinachokosekana

Programu nyingi za kufuatilia soko la hisa siku hizi zina kona iliyoandikwa SWOT, ufupisho wa Kiingereza wa visanduku vinne: nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Unagusa jina la kampuni, na papo hapo unaonyeshwa nguvu 9, udhaifu 4, fursa 2, vitisho 1, kijani juu na nyekundu chini. Anayesoma kwa haraka anaona kijani kimezidi, ananunua. Mapitio haya yanakihusu chombo hicho katika sura zake mbili: ile inayopikwa na programu kwa sekunde moja, na ile unayoiandika mwenyewe ukiwa na hesabu za kampuni mezani. Tuseme mapema tunachoamini. Ile ya programu haitoshi kununulia hata hisa moja. Ya kuandika mwenyewe ni chombo kizuri kweli kweli, mradi ukiongezee vitu viwili ambavyo havikuwamo tangu mwanzo: tarakimu katika kila mstari, na bei ya hisa.

Sababu ya upungufu huo iko kwenye asili yake. SWOT ilikua Marekani katika miaka ya 1960, kwenye idara za mipango za mashirika makubwa, na mtumiaji aliyekusudiwa alikuwa meneja. Meneja akigundua udhaifu ana la kufanya: atabadilisha mtambo, atafunga tawi, atatafuta mgavi mwingine. Mwenye hisa chache hana uwezo huo. Anaweza kununua, kushika au kuuza, na mara moja kwa mwaka kupiga kura kwenye mkutano mkuu. Kwa hiyo swali lake mbele ya kila mstari ni jingine kabisa: jambo hili linabadilisha nini kwenye fedha itakayombakia mwenye hisa, kwa kiasi gani, na lini? Mstari usiojibu swali hilo ni pambo. Hata mameneja wenyewe hawakukitumia vizuri. Mwaka 1997 watafiti Terry Hill na Roy Westbrook walichapisha uchunguzi wa kampuni 20 zilizokuwa zimefanya SWOT, wakakuta orodha ndefu, maneno ya jumla, na hakuna hata kampuni moja iliyoyatumia matokeo hayo katika hatua zilizofuata za mipango yake.

SWOT ya programu

Kinachofanyika nyuma ya kioo ni rahisi. Programu ina orodha ya kanuni, na kila kanuni inayotimia inahesabiwa alama moja. Bei iko juu ya wastani wake wa siku 50? Nguvu moja. Iko juu ya wastani wa siku 200? Nguvu nyingine. Mauzo yamepanda robo tatu mfululizo? Nyingine tena. Deni limeongezeka? Udhaifu. Mwishoni alama zinajumlishwa na kupakwa rangi.

Kasoro kubwa ni kwamba alama zote zina uzito sawa. Kupanda kwa bei kwa wiki sita kunapewa nafasi ileile inayopewa deni linaloiva miezi minane ijayo. Tena nguvu tano za programu mara nyingi ni kitu kimoja kilichohesabiwa mara tano, kwa kuwa bei ikishapanda, wastani wa siku 20, wa siku 50 na wa siku 200 zote zitasema jambo lilelile. Hizo ni habari za mwenendo wa bei. Haziielezi afya ya biashara, na hazikupaswa kuwekwa kwenye kisanduku kimoja na faida au mtaji.

Kasoro ya pili ni upofu wa sekta. Kanuni inayosema mali za muda mfupi zizidi dhima za muda mfupi (madeni ya kulipwa ndani ya mwaka) itaipa karibu kila kampuni ya maduka makubwa alama ya udhaifu, ilhali maduka hayo huuza kwa fedha taslimu leo na kuwalipa wagavi baada ya siku 30 au 60, na uwiano wa mali hizo kwa dhima hizo ulio chini ya 1 ndiyo hali yao ya kawaida. Kwa benki kanuni hiyo haina maana yoyote. Vilevile kampuni iliyouza kiwanja itaonyeshwa kuwa faida yake imeruka, kama vile itauza kiwanja kila mwaka.

Kisha kuna kisanduku cha vitisho, ambacho kwenye programu nyingi huwa karibu kitupu. Si kwa sababu kampuni iko salama. Ni kwa sababu kitisho hakikai kwenye tarakimu kubwa zinazovutwa na kompyuta. Kinakaa kwenye maelezo ya hesabu, kwenye maandishi madogo. Silicon Valley Bank ya Marekani iliumaliza mwaka 2022 ikiwa na faida, na amana zake zilikuwa bado nyingi. Ndani ya hesabu zake, hati fungani ilizokusudia kuzishika mpaka ziive zilikuwa na thamani ya soko iliyopungua kwa takribani dola bilioni 15 kuliko ilivyoandikwa kwenye mizania, na mtaji wote wa wanahisa ulikuwa takribani dola bilioni 16. Hasara hiyo haikupita kwenye faida, kwa hiyo kanuni ya faida haikuiona. Machi 2023 wenye amana walikimbilia fedha zao na benki ikafungwa.

Je, programu haina faida yoyote? Inayo, kama kichujio. Ukiwa na orodha ya hisa 200 na unataka kubaki na 20 za kusoma kwa makini, inakuokolea siku nzima. Sharti ni moja: gusa kila mstari uone umetokana na kanuni gani na kipindi gani. Programu isiyokuonyesha hayo, usiutegemee mstari wake hata mmoja.

SWOT ya kuandika mwenyewe

Hapa ndipo chombo kinapolipa. Unahitaji ripoti za mwaka za miaka mitano, matokeo ya karibuni ya robo au nusu mwaka, na ripoti za mwaka za washindani wawili. Bila washindani huwezi kusema neno nguvu, maana nguvu ni kulinganisha. Kazi ya mara ya kwanza kwa kampuni moja itakula jioni kadhaa. Anayeahidi kuimaliza kwa nusu saa atakuwa ananakili hotuba ya mwenyekiti.

Anza nyuma ya ripoti, usianze mbele. Kurasa za mwanzo zina picha na matumaini. Soma kwanza maoni ya mkaguzi. Chini ya kiwango cha ukaguzi ISA 701, kinachotumika kwa hesabu za vipindi vilivyoishia Desemba 15, 2016 na kuendelea, mkaguzi wa kampuni iliyoorodheshwa sokoni hutaja mambo makuu yaliyomshughulisha: thamani ya bidhaa ghalani, mikopo isiyolipika, mapato yaliyoandikwa kabla kazi haijakamilika. Hiyo ni rasimu ya kisanduku chako cha udhaifu, imeandikwa na mtu aliyeyaona makaratasi yenyewe. Kisha nenda kwenye maelezo ya hesabu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IFRS 8 (vinavyoanza na IAS navyo ni vya uhasibu) kinaitaka kampuni iseme kama kuna mteja mmoja anayeleta asilimia 10 au zaidi ya mapato. IFRS 7 inadai jedwali la lini madeni yanaiva. IAS 24 inafichua biashara kati ya kampuni na wakubwa wake au jamaa zao. IAS 37 inaeleza kesi na madai ambayo huenda yakageuka kuwa malipo. Kwa kampuni za Marekani, fungua fomu 10-K, yaani ripoti yao ya mwaka, sehemu ya 1A inayoorodhesha hatari, na uilinganishe na ya mwaka uliotangulia. Orodha yenyewe ni ndefu na ya kujikinga kisheria. Kinachofaa ni sentensi ambayo mwaka jana haikuwepo.

Kila mstari unaouandika uwe na jambo lenyewe, tarakimu, mwelekeo wa angalau miaka mitatu, ukurasa ulikoutoa, na athari yake kwa fedha. "Chapa imara" si nguvu. "Faida ghafi imekaa kati ya asilimia 41 na 43 kwa miaka mitano huku malighafi zikipanda bei, wakati washindani wote wawili wameshuka hadi 35" ni nguvu, kwa sababu inathibitisha kwamba kampuni inaweza kupandisha bei na wateja wasikimbie. Usiweke zaidi ya mistari mitano kwa kila kisanduku. Anayeandika mistari kumi na tano hajaamua lipi kubwa na lipi dogo.

Katika nguvu, kipimo tunachokiamini kuliko vyote ni uwiano wa fedha kwa faida: fedha taslimu zilizotokana na shughuli, kwa jumla ya miaka mitano, gawanya kwa faida baada ya kodi ya miaka hiyohiyo. Kampuni yenye afya ya viwanda au biashara inapaswa kupata 1 au zaidi, kwa kuwa uchakavu unapunguza faida bila kutoa fedha. Ikikaa chini ya 0.8 mwaka baada ya mwaka, faida inaandikwa lakini haiingii mfukoni. Mwaka mmoja mbaya hauthibitishi kitu. Ndiyo maana tunajumlisha mitano.

Fedha nyingi benki nazo huandikwa haraka kwenye nguvu. Zijaribu kwanza. Chukua mapato ya riba, gawanya kwa wastani wa salio la fedha la mwanzo na mwisho wa mwaka. Ikiwa benki zinalipa asilimia 4 na kampuni inaonyesha nusu asilimia, au ikiwa kampuni ina fedha tele na bado inakopa kwa riba ya juu, mstari huo haustahili kisanduku cha nguvu hadi upate maelezo. Wirecard ya Ujerumani ilikuwa kwenye faharasa ya kampuni kubwa za nchi hiyo wakati, Juni 2020, ilipokiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizokuwa kwenye hesabu zake huenda hazikuwepo kabisa.

Gawio nalo lina mtego wake. Kupanda kwa gawio kila mwaka kunapendeza kwenye jedwali, ila gawio linalolipwa kwa mkopo ni udhaifu uliovaa nguo za nguvu. Carillion ya Uingereza iliongeza gawio mwaka baada ya mwaka. Julai 2017 ikatangaza kushusha thamani ya mikataba yake kwa pauni milioni 845, na Januari 2018 ikaanguka ikiwa na pauni milioni 29 tu za fedha taslimu. Dawa ni kulinganisha gawio na fedha huru, yaani fedha za shughuli ukiondoa matumizi ya mtambo na majengo, wala si kulilinganisha na faida.

Udhaifu unatafutwa mahali pachache lakini kwa ukali. Siku za wadaiwa: deni wanalodaiwa wateja, gawanya kwa mauzo, zidisha kwa 365. Zikitoka siku 45 hadi 78 ndani ya miaka miwili huku mauzo yakishangiliwa, huenda bidhaa zinasukumwa kwa wateja wasioweza kulipa. Idadi ya hisa: faida ikikua kwa asilimia 10 na hisa zikaongezeka kwa asilimia 12, wewe umerudi nyuma. Na ile ziada iliyolipwa wakati wa kununua kampuni nyingine, inayokaa kwenye mizania kama mali. Ikiwa kubwa kuliko nusu ya mtaji wa wanahisa, iandike. Kraft Heinz, Februari 2019, ilifuta dola bilioni 15.4 za thamani ya aina hiyo pamoja na ya majina ya bidhaa zake, na siku hiyohiyo ikapunguza gawio la robo kutoka senti 62.5 hadi senti 40 kwa hisa.

Fursa ndicho kisanduku kibovu kuliko vyote, na tunashauri ukiandike mwisho. Watu hukijaza habari za sekta nzima: idadi ya watu inakua, matumizi ya simu yanaongezeka, nishati safi inahitajika. Hizo ni fursa za kila mtu, washindani wakiwamo. Fursa ya hisa hii ni ile ambayo kampuni imeshaanza kuilipia, ina leseni au mkataba wake, na ina watu wa kuifanya. Hata hapo kuna mtego mmoja ambao visanduku vinne havikuonyeshi: jambo moja linaweza kuwa fursa na kitisho kwa wakati mmoja. Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa ndani ya Kodak mwaka 1975 na mhandisi wao Steven Sasson. Teknolojia ilikuwa yao. Lakini faida yao ilitoka kwenye filamu, na kila kamera ya dijitali iliyouzwa ilipunguza filamu. Januari 2012 Kodak iliomba ulinzi wa kufilisika. Kwa hiyo mbele ya kila fursa uliza: ikifanikiwa, itakula faida ipi ya zamani?

Kuunganisha visanduku: mfano wenye hesabu

Kosa linalorudiwa sana ni kuvijaza visanduku vinne na kuvitazama kimoja kimoja. Hatari kubwa iko pale udhaifu unapokutana na kitisho. Mtaalamu wa menejimenti Heinz Weihrich alilisisitiza hilo mwaka 1982 alipopendekeza jedwali la kuvikutanisha visanduku, na kwa mwekezaji hiyo ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote.

Chukua kampuni ya kubuni inayotengeneza vifungashio, kwa fedha yoyote ile. Mauzo ni milioni 800 kwa mwaka, faida ya uendeshaji, yaani kabla ya riba na kodi, milioni 96. Deni ni milioni 300 kwa riba ya asilimia 10, hivyo riba ni milioni 30 na faida ya uendeshaji inaifunika mara 3.2. Baada ya kodi ya asilimia 30 inabaki faida ya milioni 46.2. Soko linaithamini kampuni kwa milioni 700, kama mara 15 ya faida. Programu ingeipaka kijani.

Maelezo ya hesabu yanaonyesha udhaifu wa aina mbili. Mteja mmoja analeta asilimia 34 ya mauzo. Halafu milioni 180 za deni zina riba inayofuata soko, na masharti ya mkopo yanadai riba ifunikwe angalau mara 1.75. Vitisho ni viwili pia: riba kupanda kwa pointi 3 za asilimia, na mteja mkubwa kuhamishia nusu ya oda zake kwa mgavi mwingine.

Riba ikipanda peke yake, gharama inaongezeka kwa milioni 5.4, inakuwa 35.4, na kifuniko cha riba (faida ya uendeshaji gawanya kwa riba) kinashuka hadi mara 2.7. Kampuni inapumua. Mteja akiondoa nusu ya oda peke yake, mauzo yanapungua kwa milioni 136. Hapa wengi hukosea wakadhani faida itapungua kwa asilimia 17 kama mauzo. Sivyo. Kodi ya pango, mishahara ya ofisi na uchakavu havipungui. Ikiwa katika kila 100 ya mauzo 70 ni malighafi na gharama nyingine zinazofuata uzalishaji, basi kampuni inapoteza 30 kwa kila 100, yaani milioni 40.8. Faida ya uendeshaji inabaki milioni 55.2, na kifuniko ni mara 1.84. Bado iko juu ya sharti la benki.

Sasa vikutanishe. Milioni 55.2 dhidi ya riba ya milioni 35.4 ni mara 1.56. Sharti limevunjwa, benki ina haki ya kudai fedha zake mapema au kupandisha riba zaidi, na gawio la mwaka huo lisahau. Faida baada ya kodi inakuwa takribani milioni 13.9, na ile bei ya milioni 700 iliyoonekana mara 15 ya faida sasa ni mara 50. Kila kitisho kikitazamwa peke yake kilikuwa cha kuvumilika. Ndiyo maana tunasisitiza visanduku vikutanishwe, tena kwa tarakimu, si kwa mishale ya kuchora.

Tuijaribu na fursa. Mwenyekiti anatangaza mtambo mpya wa milioni 110 utakaoongeza mauzo ya milioni 90. Kwa mchango uleule wa 30 kwa 100, inaingia milioni 27. Ondoa milioni 10 za uchakavu na gharama mpya zisizobadilika, zinabaki 17. Mtambo ukijengwa kwa mkopo wa asilimia 10, riba ni 11. Kinachobaki ni milioni 6 kabla ya kodi, 4.2 baada ya kodi, na hapo ni siku mtambo utakapojaa kazi. Deni limetoka 300 hadi 410. Angalia pia kwamba viwango vya uhasibu, IAS 23, vinaelekeza riba ya wakati wa ujenzi iongezwe kwenye gharama ya mtambo, kwa hiyo ujenzi ukichelewa mwaka mzima huenda usiione kwenye faida. Itafute kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha.

Kisanduku cha tano: bei

SWOT inaeleza kampuni. Hisa ni kampuni pamoja na bei unayoilipa, na hakuna kisanduku cha bei. Huu ndio upungufu unaotufanya tusiipe alama kamili. Machi 2000 Cisco ilikuwa na kila nguvu unayoweza kuiandika: ilitawala vifaa vya mitandao, ilikuwa na faida, na intaneti ilikuwa inaenea kila mahali. Mauzo yake ya mwaka wa fedha 2000 yalikuwa takribani dola bilioni 18.9, na kufikia mwaka wa fedha 2010 yalikuwa yamefika dola bilioni 40. Kampuni ilikua maradufu. Lakini bei ya mwaka 2000 ilikuwa zaidi ya mara 100 ya faida, hisa ikapoteza zaidi ya asilimia 80 ndani ya miaka michache, na muongo mmoja baadaye aliyenunua kileleni alikuwa bado kwenye hasara kubwa. Visanduku vyake vyote vinne vilikuwa sahihi.

Turudi kwenye vifungashio kuona bei inavyoingizwa. Hali nzuri ni faida ya sasa pamoja na mtambo, milioni 50.4, kwa mara 15 ni thamani ya milioni 756. Hali mbaya ni milioni 13.9, soko likiipa mara 12 tu kwa sababu ya wasiwasi, ni takribani milioni 167. Ukinunua kwa 700, una nafasi ya kupata asilimia 8 na nafasi ya kupoteza asilimia 76. Ukipuuza gawio, hesabu hiyo inakulipa pale tu uwezekano wa hali mbaya ukiwa chini ya takribani asilimia 10. Je, mkataba wa mteja mkubwa unaisha lini? Ukiwa unaisha mwaka ujao, sisi tusingesema asilimia 10. Kwa bei ya milioni 400 mjadala ungekuwa mwingine, ingawa hakuna hata neno moja kwenye visanduku lingebadilika.

Kuhusu kuwapa mistari alama na kujumlisha, tunapinga. Wapo wanaopenda uzito wa 1 hadi 3, jumla ya nguvu kutoa jumla ya udhaifu. Jumla inaficha. Nguvu kumi haziwezi kulipa deni linaloiva mwezi wa Novemba. Badala yake tafuta kwanza mistari ya kukataza: mkaguzi anatilia shaka uwezo wa kampuni kuendelea, kifuniko cha riba chini ya 1.5 katika biashara inayoyumba na msimu, madeni yanayoiva ndani ya miezi 12 yakizidi fedha zilizopo pamoja na mikopo iliyokwisha kuidhinishwa, mkaguzi amejiuzulu katikati ya mwaka bila maelezo ya kueleweka. Ukikuta mmoja wa hiyo, simama hapo. Huna haja ya kuendelea na visanduku vingine.

Karatasi ikishakamilika, iandike upya kila matokeo yanapotoka, na isome ile ya zamani kabla ya kusoma tangazo jipya la kampuni. Kando ya kila mstari mkubwa weka kiwango kitakachokufanya uchukue hatua: siku za wadaiwa zikipita 60, mteja mkubwa akipita asilimia 40, faida ghafi ikishuka chini ya 38 kwa vipindi viwili mfululizo. Kiwango kilichoandikwa kabla kinakulinda na tabia ya kutafuta sababu za kushika hisa inayoshuka.

Inafaa kwa hisa zipi

Kwa viwanda, bidhaa za matumizi, maduka na huduma za kawaida, SWOT yenye tarakimu inafanya kazi vizuri sana. Tungeipa 4 kati ya 5, na ile moja tumeiondoa kwa sababu ya bei.

Kwa benki, visanduku vibaki lakini vipimo vibadilike: mtaji dhidi ya mali zenye hatari, mikopo isiyolipika, mikopo kwa amana, na sehemu ya amana isiyokuwa na bima. Fedha za shughuli za benki hazikuambii kitu, ziache. Kwa bima, jumlisha madai na gharama, gawanya kwa mapato ya bima. Ikizidi asilimia 100 kampuni inapata hasara kwenye bima yenyewe na inaishi kwa uwekezaji wake.

Kwa wachimbaji na wazalishaji wa bidhaa ghafi, bei ya dunia inameza kila kitu. Kisanduku kimoja tu kina uzito, gharama ya kuzalisha tani au wakia moja ikilinganishwa na wazalishaji wengine, kwa kuwa bei ikianguka wa gharama ya juu ndiye anayefunga kwanza. Na kwa kampuni changa isiyo na faida, acha visanduku na ufanye hesabu moja: fedha zilizopo gawanya kwa fedha zinazotoka kila mwezi. Ikiwa jibu ni chini ya miezi 12, hisa mpya zitatolewa, na swali lililobaki ni kwa bei gani.